Chai ya Chogo na Mtungi wa Mzee Venansi

Mwajuma anakaa meza ya pili kutoka yangu, hapa ofisini Gitega. Mchana yeye huwa hali, anakunywa chai yake ya tangawizi na kupekua simu mpaka saa nane. Wiki iliyopita mvua ilitufungia ndani sote, ukungu umeshuka mpaka madirishani, akaniita bila hata kuinua kichwa.

"We, kuya hapa kwanza. Iko kitu nimepata, leo utanipenda."

Akailaza simu juu ya rundo la mafaili. Kwanza mkwaruzo, halafu filimbi, halafu mwanamume akakohoa mara tatu na kufoka, "Mlango uko wazi, ila usiingie!" Kalamu ikaniponyoka. Jamani! Miaka yote hiyo, na kikohozi kile bado kinanifanya nikae sawasawa kitini, miguu pamoja, mikono mapajani.

Ilikuwa Kaunta Namba Tatu. Ninyi wa rika langu mliokulia kambi za wakimbizi Tanzania mkarudi nyumbani hamhitaji kuelezwa, lakini wengine pengine hamkuijua. Ulikuwa mchezo wa redio, kila Jumamosi alasiri, kuhusu ofisi moja ambayo hakuna aliyewahi kutuambia inashughulikia nini. Mkuu wa ofisi alikuwa Mapengo, mwenye kukohoa. Karani alikuwa Bi Tunu, anayejua kila kitu na hasemi chochote. Tarishi alikuwa Chogo, ambaye kila bahasha aliipeleka kusikotakiwa. Watu waliingia na karatasi, wakapigwa maswali ya ajabu, wakatoka na karatasi nyingine. Tulicheka mpaka mbavu ziume.

"Lakini sehemu hii haiko muzuri sana, quand même," Mwajuma akasema, akichomeka Kifaransa kidogo huku akipuliza chai. "Kile kiti kinachukua muda. Kisha mwishoni inavurugika, hata haujue ucheke ao ulie."

Ni kweli. Sehemu hiyo ni ya ovyo ovyo. Nusu nzima ni Mkuu Mapengo na kiti chake kipya kinachozunguka, anazunguka, anapiga kelele, Chogo anamshika, naye anazunguka tena. Ukishacheka mara mbili, unabaki unaangalia saa. Halafu ghafla anaingia mwananchi na chupa ya chai, na kila kitu kinabadilika. Nilimwomba Mwajuma aache iendelee. Nilijua kabisa sekunde ambayo masikio yangu ya utotoni yalikomea, na nilikuwa naiogopa. Tumemzika Baba mwaka huu, kabla ya maharage kukomaa, na sehemu hiyo ya mchezo, ile mbaya kuliko zote, ndiyo ilimgharimu kitu ambacho sikuwahi kumwomba msamaha kwa ajili yake.

Tulirudi kwetu Giteranyi meno yangu makubwa ya mbele yakiwa yameshaota. Nakumbuka ubaridi wa asubuhi ukiingia puani, harufu ya mikaratusi iliyolowa, na vilima vingi mno. Kambini ardhi ilikuwa bapa na nyekundu, unaona mtu anayekuja tangu yuko mbali. Hapa mtu alitokea kwenye ukungu ghafla, amesimama mbele yako na baiskeli yenye ndizi, anakusalimia. Wiki za kwanza nilitembea mdomo wazi. Mama alinambia nifunge mdomo, watu watadhani nimerudi bila akili.

Tulilala katika jiko la shangazi, maana shamba letu lilikuwa na mtu. Kambini Baba alikuwa akituchorea shamba hilo kwa kijiti mchangani: hapa ua wa minyaa, hapa mgomba wa babu, hapa maji. Niliijua ile ramani kuliko herufi. Nilipoliona shamba lenyewe, kila kitu kilikuwa mahali pake, ila katikati kulikuwa na nyumba ya bati, na mlangoni mwake mzee mrefu mwenye koti la suti na miguu mitupu, anageuza kitufe cha redio.

Huyo ndiye Mzee Venansi. Hakuwa mwizi, na hata Baba hakuwahi kumwita mwizi. Wakuu wa zamani walimpa shamba lile baada ya babu kukimbia, akalilima, akaoa, akamzika mkewe nyuma ya migomba. Baba naye alikuwa na babu yangu aliyefia ugenini akilitaja shamba hilo hilo. Watu wa ardhi kutoka mkoani walikuwa wanapita kilima kwa kilima kusuluhisha mambo kama hayo, na zamu yetu ilikuwa haijafika. Wakati huo wote, Baba na Mzee Venansi walisalimiana kwa heshima, kila mmoja akitazama pembeni.

Mimi, bila haya, niliingia kwake Jumamosi ya kwanza kabisa. Nilisikia kikohozi cha Mkuu Mapengo kutoka njiani! Mawimbi ya Tanzania yalivuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho, yakatua kwenye redio ya mzee yule. Nikapita kwenye ua, nikachuchumaa karibu na redio, nikaanza kucheka. Mzee akanitazama muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi na kuuzia ndizi, na wale wa redio walisema haraka mno.

"We mutoto," akasema. "Unachekea nini? Anasema nini huyu?"

Nikamwambia kwa Kirundi changu cha kujikongoja. Akacheka, amechelewa nusu dakika, koti likimtikisika. Tangu siku hiyo nikawa mkalimani wake. Kila Jumamosi aliniwekea kigoda na ndizi moja ya kuchoma, nami nilimfasiria ofisi nzima. Mama hakupenda. Alisema hatuendi kucheka kwa mtu tunayegombana naye. Baba akasema, "Mwache. Redio haina kosa."

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Mimi niliamini Kaunta Namba Tatu ni ofisi ya kweli. Niliamini kipo chumba mahali fulani, pengine huko Muyinga mjini, ambamo Mapengo anakohoa na Bi Tunu anapiga muhuri, na redio inatuonjesha tu yanayotendeka humo ili tujue namna ya kujiendesha zamu yetu ikifika. Niliposikia "watu wa ardhi wanakuja," nilijua ni akina nani. Nilijua hata sauti zao.

Jumamosi kabla hawajaja ndipo ilipotoka sehemu ya kiti kinachozunguka. Mzee Venansi alichoka na kile kiti, akasinzia, nami nikaendelea kumfasiria hivyo hivyo. Halafu mwananchi akaingia na chupa ya chai, akammiminia Chogo kikombe. Chogo akanywa, tukasikia akimeza. Mkuu Mapengo akatoka chumbani kwake akifoka: "Umekunywa? Umekunywa cha mwananchi? Basi kesi kaishinda yeye, na wewe huna kazi! Toka!" Chogo akaanza kulia. Si kilio cha mchezo, kilikuwa kilio cha mtu mzima. Na hapo hapo sauti ikaanza kuzama, ikawa nzito, ikawa ndogo, ikafa.

"Betri," Mzee Venansi akasema, macho bado yamefumba.

Alizitoa akazianika juani juu ya jiwe, lakini hazikuamka. Nikarudi nyumbani kupitia ukungu na neno moja tu kichwani: ukinywa cha mtu, umeshindwa. Sikumwambia mtu. Nilidhani wakubwa wote wanajua.

Watu wa ardhi walikuja siku ya jua dogo, wawili tu, mwanamume na mwanamke, na faili moja la kijani. Nilivunjika moyo kidogo kuona hakuna anayekohoa. Kilima kizima kilikuja, na wazee wa kanisa letu pia, maana Baba alikuwa mwalimu wa kwaya na hawakutaka asimame peke yake. Walipima kwa kamba tangu asubuhi. Mchana wakakubaliana: nusu ya juu, yenye ua wa minyaa, kwetu. Nusu ya chini, yenye nyumba na kaburi la mkewe, kwa Mzee Venansi. Maji, ya wote. Nilimwona Baba akifumba macho na midomo ikitembea. Mama alikaa chini majanini kama aliyekatwa miguu, akijifuta uso na kanga.

Kilibaki kitu kimoja. Kilimani kwetu karatasi ni karatasi tu, haiwi neno mpaka wagombanao wanywe pamoja mbele ya watu. Mzee Venansi alikuwa ameivisha ndizi zake, akakamua, akafunika mtungi siku kadhaa. Akaubeba mwenyewe kutoka nyumbani, akautua katikati ya majani. Harufu ya urwarwa, pombe ya ndizi, ikatufikia, tamu na chachu pamoja. Akachomeka mrija, akavuta yeye kwanza, watu waone hakuna sumu. Halafu akaufuta ule mrija kwa kiganja, akamkabidhi Baba.

Baba hakuwahi kuonja pombe tangu aokoke, na aliokoka kambini kabla sijazaliwa. Aliushika ule mrija kwa vidole viwili. Nyuma yake wazee wa kanisa walikuwa wamesimama.

"Mzee wangu," akasema polepole, "mimi nimeokoka. Naomba ninywe hata maji na wewe."

Minong'ono ikaanza. Sikuielewa siku hiyo, leo naielewa vizuri. Mtu anayekataa pombe ya mapatano anakuambia mbele ya watu kwamba hakuamini. Wengi wetu tuliotoka Tanzania tumeokoka tuliwaumiza watu kwa jambo hilo bila kujua. Mzee Venansi alibaki amenyoosha mkono tu. Baba akautazama ule mkono, akautazama mtungi, akainama.

Mimi nilichoona ni hiki: Baba anakwenda kunywa cha mtu. Shamba tumelipata sasa hivi, kwa kamba, mchana kweupe, na yeye anakwenda kulipoteza kwa kumeza mara moja. Nilimsikia Chogo akilia. Nikakimbia kati ya miguu ya watu, nikaupiga mtungi teke.

Ulianguka kwenye jiwe. Ulipasuka kwa sauti ndogo tu, na pombe ikatambaa kwenye majani, ikifanya povu, ikanifika vidoleni, ya vuguvugu. Nzi walifika kabla ya mtu yeyote kusema kitu.

"Yampaye inka!" akamaka mwanamke mmoja kwa Kirundi, mikono kichwani.

Mzee Venansi alisimama. Sikuwahi kumwona mrefu vile. Hakunitazama mimi, alimtazama Baba. "Kumbe ni hivyo munafundishaka watoto," akasema. Akamgeukia yule mama mwenye faili. "Musiandike."

Yule mama akafunga faili. Lilifungwa taratibu, lakini Mama aliguna kama aliyepigwa. Wengine walianza kuondoka. Baba alinishika mabega, na nikaona kwamba ananiogopa, mimi, binti yake.

"Kwa nini, mama? Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Kwa nini basi?"

"Ukinywa utashindwa!" nikapiga kelele, kamasi na machozi. "Chogo alikunywa chai ya mwananchi, Mkuu akamfukuza, kesi ikaisha! Nimesikia mwenyewe! Kwenye redio!"

Baba hakuelewa. Wazee wa kanisa hawakuelewa. Kilima kizima, mtu mmoja tu ndiye angeweza kuelewa, na alikuwa ameshatupa mgongo. Alisimama. Akageuka.

"Chogo?" Mzee Venansi akasema. "Ile ya kiti? Ile ya Jumamosi?" Akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ayi! Betri ilikufa! Huyu mutoto hakusikia mwisho, na mi sikusikia, mi nilikuwa ninalala!" Akaanza kuwaeleza watu kwa Kirundi, mikono ikizunguka kuonyesha kile kiti, na watu wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu wengi. Nami nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Yule mwanamke aliyeshika kichwa alisema, bila ukali, kwamba kucheka ni kuzuri, lakini pombe imemwagika na hawajanywa. Mzee akiivisha nyingine zitapita siku kadhaa, na hawa wa mkoani kesho wana kilima kingine.

Baba alipiga magoti. Chini ya mtungi palikuwa pamebaki kigae kikubwa, kimeshika pombe kidogo, na majani, na nzi wawili. Aliwatoa nzi kwa kidole. Akakiinua kigae kwa mikono miwili, wazee wa kanisa wakimtazama, mwalimu wa kwaya aliyewafundisha wana wao nyimbo zote, akanywa. Nilimwona koo likipanda na kushuka mara mbili. Akamnyooshea Mzee Venansi kilichobaki.

"Ni chungu," Baba akasema, akijifuta mdomo.

"Utazoea."

"Sitazoea, Mzee. Lakini nimekunywa."

Mzee Venansi akamaliza, majani na vyote. Faili likafunguliwa. Wakatia vidole kwenye wino, mmoja baada ya mwingine, na usiku huo huo Baba akalala kwenye nusu yetu, nje, juu ya majani ya migomba, peke yake.

Mwajuma alikuwa ameshamaliza chai yake ofisini. Simu juu ya mafaili ilifika pale ambapo sauti ilizama, ila safari hii haikuzama. Chogo alilia mpaka akachoka. Halafu Bi Tunu, ambaye hasemi, akasema: "Mkuu, huyu bwana hana kesi. Anakaa jirani. Kaona mlango wetu unapitisha upepo, kaona tuna baridi, kaleta chai." Halafu Mkuu Mapengo akaomba kikombe. Filimbi ikapigwa, ikaisha. Basi. Hata Chogo hawakutuambia kama alirudishwa kazini.

"Si nilikuambia?" Mwajuma akasema. "Inavurugika." Kisha akaniona uso. "Ee! We unalia? Kwa hii ya kiti?"

Nikamwambia ni tangawizi. Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa chai tu?

Kanisa lilimtenga Baba miezi mitatu. Hawakuwa watu wabaya, walisikitika, mchungaji alilia wakati wa kutangaza, lakini sheria yao ilikuwa hiyo na Baba mwenyewe hakuomba apunguziwe. Aliyetengwa alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, haimbi, haombi kwa sauti, hasalimiwi kwa salamu ya wapendwa. Kwaya yake wakampa kijana aliyekuwa anaanzisha nyimbo juu mno, akina mama wakawa wanapiga kelele badala ya kuimba. Kila wimbo ulipoanza nilihisi mgongoni kwangu Baba akiusikia. Mimi nilikaa mbele, kwenye mkeka wa watoto, na sikugeuka hata mara moja. Niliona aibu, na sikujua kama ni aibu ya Baba au yangu. Nyumbani hakunisema, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Alijenga. Alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akanipa maji nishike, akaniambia asante.

Jumapili ya pili, katikati ya maombi, watu wote wamefumba macho, mlango ukapiga kelele. "Amahoro!" ikasema sauti ya mtu aliyezoea kusalimia kutoka kilima kimoja hadi kingine. Macho yote yakafumbuka. Mzee Venansi, Mkatoliki wa kuzaliwa, rozari shingoni juu ya koti la suti, amevaa viatu. Alitazama kulia na kushoto, akamwona Baba, akaenda akaketi karibu naye kwenye lile benchi refu tupu. Benchi likalia.

Mzee wa kanisa mmoja akamfuata mbio, akainama, akamnong'oneza kwa adabu kwamba wageni wanakaa mbele, baba, hapa ni pa waliotengwa.

"Najua," Mzee Venansi akasema, wala hakushusha sauti. "Wameniambia. Huyu alikunywa pombe. Na pombe ni mi nilitengenezaka. Sasa nikae wapi?"

Mchungaji alishika Biblia, hajui aendelee au asimame. Mvua ikaanza kugonga bati. Na mimi niliyeupiga mtungi teke nikainuka kwenye mkeka wa watoto, nikapita katikati ya kanisa watu wote wakiniona, nikaenda kukaa nao.